Kilima cha baba mdogo na dhahabu ya Nzega

Mwezi uliopita niliandika kidogo juu ya bei ya dhahabu, basi barua zikamiminika kutoka kila penye shimo. Barua ya Nzega nimeipa nafasi kubwa kwa sababu imeuliza jambo nililoishi nalo miaka 31 ya utakwimu ofisini bila mtu wa mtaani kuniuliza: madini yakitoka ardhini, kupungua kwake kunahesabiwaje? Nyingine nimezijibu kwa ufupi. Waliouliza kuhusu stakabadhi za korosho wanisubiri.

*

Shikamoo Bibi Takwimu. Mimi niliendesha dampa mgodi wa Golden Pride, pale Lusu, Nzega, mpaka ulipofungwa. Siku hizi nina duka la vipuri vya pikipiki. Kijana wangu anasoma uchumi, akanionyesha kwenye simu jedwali la Benki ya Dunia lenye thamani ya madini yaliyopungua kila nchi, kila mwaka, kwa dola. Nambari yetu inapanda na kushuka kama homa. Sasa mimi ndiye niliyebeba yale mawe. Safari za dampa zilikuwa zilezile kila zamu. Jiwe likishatoka limetoka. Linapunguaje sana mwaka huu na kidogo mwaka unaofuata? Na dhahabu yetu ya Nzega iliandikwa daftari gani? (Dereva wa zamani, Nzega)

Marahaba, mwanangu. Umeuliza kama mtu aliyebeba mzigo, na mimi nitaanza na mzigo. Dola zitakuja baadaye.

Baba yangu mdogo alikuwa na shamba Chanika, nje kidogo ya Dar es Salaam, lenye mikorosho michache na kilima cha udongo mwekundu. Mji uliposogea, wenye viwanja wakaanza kutafuta kifusi cha kujazia misingi, na madereva wa fuso wakagundua kilima chake. Walikuwa wanampa shilingi elfu tano kwa tripu, wapakiaji wanajilipia wenyewe. Baba mdogo hakuwa mtu wa mchezo. Alikaa chini ya mkorosho na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na biki ya bluu. Kila fuso likitoka anachora kijiti. Cha tano anakilaza juu ya vinne. Jioni anajumlisha na kuandika shilingi.

Nilimtembelea Jumapili moja nikalipekua lile daftari. Kurasa zilikuwa safi kuliko nyingi nilizoletewa ofisini. Kulikuwa na ukurasa wa mapato, ukurasa wa waliokopa, hata ukurasa wa soda za wapakiaji. Nikamwuliza, "Baba, kilima kimebaki tripu ngapi?" Akacheka. "Kilima hakihesabiki, mwanangu. Kilima ni kilima."

Nikaazima futi kwa fundi jirani. Kilichobaki kilikuwa kama mita 60 kwa 40, na kimo cha wastani mita 3. Hiyo ni mita za ujazo 7,200. Udongo ukishachimbuliwa hufura, chukulia robo zaidi, kwa hiyo ni 9,000. Fuso lilikuwa linabeba mita 6. Tripu 1,500. Kwa tripu tano kwa siku, siku 300. Nilipomwambia siku 300 hakucheka tena. Aliniuliza kama nimehesabu na Jumapili.

Hapo tulikuwa tumefanya nusu ya kazi yote ya kupima kupungua kwa madini, na hakuna dola iliyotajwa. Kwanza unajua kulikuwa na kiasi gani mwanzo wa mwaka, kimetoka kiasi gani, kimegunduliwa kipya kiasi gani, kimebaki nini. Tani kwa tani. Hesabu hii haina homa. Safari zako za dampa zingekuwa hapa, zimenyooka kama zilivyokuwa.

Homa inaanzia kwenye thamani. Nikupe mgodi wa kubuni, usiutafute kwenye ramani. Una wakia 2,000,000 ardhini na unatoa wakia 100,000 kwa mwaka, kwa hiyo umebakiza miaka 20. Wakia moja inauzwa dola 1,200. Kuitoa, ukilipa mishahara, dizeli, sianidi, mitambo na faida ya kawaida ya aliyeweka mtaji, ni dola 900. Zinabaki 300. Hizo 300 hakuna aliyezitolea jasho. Zimetokana na jiwe lenyewe kuwapo. Wanauchumi wana jina lao, mimi naziita ziada ya jiwe. Kwa mwaka ni dola milioni 30.

Benki ya Dunia haichukui hizo milioni 30 ikamaliza. Inauliza, mgodi mzima ungekuwa na thamani gani leo, kwa ziada hizo za miaka 20 ijayo, ukikumbuka kwamba dola ya mwaka wa ishirini si sawa na dola iliyo mkononi? Ukipunguza kwa asilimia 4 kila mwaka unapata takriban dola milioni 408. Unagawa kwa miaka 20: milioni 20.4. Hiyo ndiyo nambari ya kijana wako, ila yake ni ya nchi nzima na madini yake yote yaliyomo kwenye orodha. Nchi ikiwa na akiba ya miaka 100 haihesabiwi 100. Miaka inakatwa ikifika 25.

Sasa bei ipande mpaka dola 1,800, na gharama nayo ipande kidogo, 1,000. Ziada imetoka 300 ikawa 800. Piga hesabu ileile: milioni 54. Bei ianguke hadi 1,100, gharama ibaki palepale kwenye 1,000, ziada inakuwa 100. Milioni 6.8. Wakia ni zilezile laki moja. Dampa ni lilelile. Ilipopanda, bei ilipanda kwa nusu tu na nambari ikakaribia mara tatu, kwa sababu ziada ni ule ukanda mwembamba kati ya bei na gharama. Ukanda mwembamba ukisukumwa kidogo unatikisika sana.

Na bei ya dhahabu haijatulia tangu ulipoanza kazi. Mgodi wenu ulikuwa wa kwanza mkubwa wa kisasa nchini, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati wakia ilikuwa chini ya dola 300. Mwaka 2011 ilikaribia 1,900. Mwaka 2013 ikaporomoka. Oktoba 2025 ikavuka 4,000. Kwa hiyo ukiona nambari ya nchi imeshuka, usiharakishe kudhani tumeanza kutunza madini. Pengine tumeyauza kwa bei ya kutupa. Nilipokuwa ofisini nilimwona mkubwa mmoja akifurahia kushuka kwa namna hiyo mbele ya wageni, kana kwamba amefunga bomba la maji. Nilimwachia tu, mkutano ulikuwa unaelekea chai.

Kuna kitu kingine ambacho wewe mtu wa mgodini utakielewa kuliko kijana wako wa chuo: magwangala. Mawe ambayo mgodi ulimwaga pembeni kwa sababu hayalipi, bei ikipanda yanakuwa mbale, yaani mawe ya dhahabu yanayolipa. Hakuna dhahabu iliyozaliwa mle ndani usiku. Bei tu imesogeza mstari kati ya jiwe na taka. Ndiyo maana akiba ya nchi kwenye vitabu inaweza kuongezeka mwaka ambao hakuna mjiolojia hata mmoja aliyetoka porini na habari mpya. Kilima cha baba mdogo nacho kilikuwa na upande wa mawe ambao madereva waliukataa. Barabara ilipoanza kujengwa karibu, wakarudi kuuomba.

Tena kuna kupungua kusikoandikwa kabisa. Kabla masoko ya madini hayajafunguliwa mwaka 2019, la kwanza Geita, dhahabu nyingi ya wachimbaji wadogo ilitoka kwenye maduara (mashimo yao), ikapita karashani kusagwa, ikaingia mfukoni mwa broka na kupotelea mipakani. Iliyopita njia hiyo haikupungua kwenye jedwali lolote, ila ardhini ilipungua. Masoko yalipofunguliwa nambari za uzalishaji wa wadogo zilipanda, na sehemu ya upandaji huo si uchimbaji mpya hata kidogo. Ni taa imewashwa chumba kilichokuwa gizani.

Sasa daftari. Dhahabu yenu iliandikwa kwenye Pato la Taifa kama uzalishaji, ikaandikwa kwenye mauzo ya nje, na mrabaha ukaandikwa kwenye mapato ya Serikali: asilimia 3 wakati mnaanza, asilimia 4 baada ya sheria ya 2010. Asilimia 6 ya mwaka 2017 haikuwakuta. Kote huko imeandikwa upande wa kuingia. Upande wa kutoka hakuna kitu. Na hili ndilo lililokuwa linaninyima usingizi: dampa lako, mwanangu, lilikatiwa uchakavu kila mwaka, yaani thamani yake ilipunguzwa vitabuni kadiri lilivyochoka. Matairi yalikatiwa, injini ilikatiwa, ofisi ya mabati ya pale getini ilikatiwa. Jiwe lililokuwa mgongoni mwa dampa halikukatiwa hata senti. Tulikuwa tunahesabu kuchoka kwa kikapu, muhogo unaotoka shambani tunauita mavuno tu, wakati shamba hilo halioti tena.

Mwaka 1989 taasisi moja ya utafiti ya Washington, World Resources Institute, ilipiga hesabu hiyo kwa Indonesia. Kati ya 1971 na 1984 pato la nchi ile lilikuwa limekua kwa asilimia 7.1 kwa mwaka. Walipotoa mafuta yaliyochotwa, misitu iliyokatwa na udongo uliobebwa na mvua, ukuaji ukabaki asilimia 4. Watakwimu wengi walikasirika, nami nikiwa kijana nilikuwa miongoni mwao. Tuliona ni kuchanganya vitabu. Imechukua zaidi ya miaka 35, lakini Machi 2025 Umoja wa Mataifa umepitisha mwongozo mpya wa hesabu za taifa unaosema kupungua kwa maliasili kuandikwe kama gharama ya uzalishaji, sawa na uchakavu wa mtambo. Pato la Taifa mnalolisikia redioni halitabadilika kwa hilo, maana lenyewe halitoi hata uchakavu wa mitambo. Litakaloguswa ni pato baada ya makato, ambalo redio hailitangazi.

Serikali yetu ilijiwekea lengo kwamba madini yachangie asilimia 10 ya Pato la Taifa ifikapo 2025, na mwaka 2024 yakafika 10.1. Nilipiga makofi, sikatai. Ila ningependa pembeni ya 10.1 ile kuwe na nambari ya pili, ndogo tu, ya kilichotoka ardhini tusichoweza kukirudisha.

Baba mdogo, tangu Jumapili ile, aliongeza safu upande wa kulia wa kila ukurasa. Mwandiko wake mkubwa: *zimebaki 1,495. Zimebaki 1,490.* Alipofika mia tisa hivi aliacha kununua soda za wapakiaji.

*

Bibi, habari za kazi. Mimi ni broka Mererani. Kwenye hayo majedwali tanzanaiti imewekewa thamani gani? Maana haipatikani popote duniani isipokuwa hapa kwetu. (Mzee wa Kioo, Mererani)

Haimo, Mzee wa Kioo. Orodha ya Benki ya Dunia kwenye kipimo hicho ina kumi: dhahabu, fedha, shaba, bati, risasi, zinki, chuma, nikeli, bauksiti na fosfeti. Tanzanaiti haimo, na almasi za Mwadui, zilizoanza kuchimbwa mwaka 1940, hazimo pia.

Sababu unaijua kuliko mimi, kwa kuwa ndiyo inayokulisha. Dhahabu ina bei moja asubuhi hii, Geita mpaka London. Tanzanaiti inauzwa kwa jicho: rangi, ukubwa, nyufa, na njaa ya anayeuza. Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliuza mawe mawili kwa Serikali, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akapata zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Nenda kanunue kilo 14 za chenga uone kama utamaliza hata milioni chache. Sasa mtakwimu aandike bei gani ya kilo? Huwezi kuzidisha kilo kwa bei kama hakuna bei ya kilo.

Kwa hiyo ukisoma kwamba thamani ya madini yaliyopungua Tanzania ni kadhaa, jua hiyo kadhaa haijaingia mlango wa Mererani. Ila ule ukuta uliozungushiwa machimbo ya Mererani mwaka 2018 umetusaidia jambo moja ambalo watu hawalisemi: una lango, na penye lango pana daftari la tani. Kama nilivyomwambia dereva wa Nzega, tani ndiyo nusu ya kazi.

*

Shikamoo Bibi. Huku Kwale mgodi wa mchanga wa titani ulimaliza kuchimba Desemba 2024. Babangu asema kaunti imefukarika kwa siku moja. Redioni mtaalamu asema uchumi umepungua mwaka huu. Mimi naona hela za mgodi tulizila miaka kumi na kitu. Nani mkweli? (Mwanamkasi, Ukunda)

Marahaba, mwanangu, nisalimie Ukunda. Wewe ndiye mkweli, na mtaalamu hajakosea.

Pato linahesabu kinachozalishwa mwaka huo, basi mgodi ukifunga linashuka mwaka huo. Mchanga wenyewe ulipungua kila siku tangu mitambo iwashwe mwaka 2013, na kila mwaka wa miaka ile pato lilipanda. Upungufu ulikuja kijiko kwa kijiko, habari yake ikaja kwa sinia. Lau hesabu ingekuwa inatoa kinachoondoka kila mwaka, babako angeliona hilo tangu 2014 na wala siku ya kufunga isingemshtua hivyo. (Na titani haimo kwenye ile orodha ya kumi, kabla hujaitafuta.)

*

Shikamoo Bibi Takwimu. Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma. Mhadhiri ametaja kanuni ya El Serafy akapita haraka. Naomba unifafanulie, mtihani ni wiki ijayo. (Mwenye haraka, Dodoma)

Marahaba. Haraka yako naiona.

Salah El Serafy alikuwa Mmisri aliyefanya kazi Benki ya Dunia. Swali lake halikuwa la mwanahisabati, lilikuwa la mwenye nyumba: katika pesa ya mgodi, kiasi gani naweza kula kila mwaka, na nikaendelea kula hichohicho hata mgodi ukiisha? Kinachobaki baada ya kula hicho ndicho mtaji; ukikila na chenyewe umekula mbegu.

Sehemu ya kuweka ni 1 gawanya kwa (1 + riba) iliyopandishwa kwa kipeo cha (miaka iliyobaki + 1). Chukua mgodi wangu wa kubuni hapo juu, riba asilimia 4, miaka 20. 1.04 kwa kipeo cha 21 ni 2.28 hivi. 1 gawanya kwa hiyo ni 0.44. Kwa hiyo katika ziada ya milioni 30 unaweka milioni 13.2 na unakula 16.8 bila dhambi. Mgodi ukibakiza miaka 5 unaweka asilimia 79. Ukiwa na miaka 50, asilimia 13 na nusu tu.

Umeona kitu? Jiwe lilelile, njia ya Benki ya Dunia ilitupa milioni 20.4, ya El Serafy 13.2. Mtihani ukikuuliza ipi ni sahihi, andika kwamba zinajibu maswali mawili: moja inauliza hazina imepungua kiasi gani, nyingine inauliza nisile nini. Na ukiona mhadhiri amekaza uso, ongeza kwamba zote mbili zinategemea riba aliyoichagua mtu. Kwa riba ya asilimia 10, El Serafy angekuambia uweke asilimia 13.5 tu kwa miaka hiyohiyo 20. Riba ni mahali ambapo mtu mwenye suti anaweza kuficha mgodi mzima mchana kweupe.

Mwanauchumi Hartwick, wa 1977, hajatajwa? Atatajwa. Yeye anasema wekeza ziada yote ya jiwe kwenye mali inayozalisha, na watoto wako hawatakuwa maskini kuliko wewe. Soma jibu linalofuata.

*

Bibi, kwa nini tusiyaache tu ardhini mpaka wajukuu wawe na akili kuliko sisi? (Mvuvi, Musoma)

Nimecheka. Wajukuu wangu nawajua, baba, sina uhakika na hiyo akili.

Kuacha ardhini ni uamuzi halali, nao una bei yake: mtoto asiyesoma leo hawezi kusomeshwa na dhahabu itakayochimbwa 2070. Na bei inaweza kugeuka. Lililo muhimu ni kwamba ukitoa, kitoke kiwe kitu.

Kuna kisiwa kinaitwa Nauru, Bahari ya Pasifiki, kilomita za mraba 21, kisiwa chote unakizunguka kwa baiskeli kabla chai haijapoa. Kilikuwa na fosfeti. Kilipata uhuru 1968, na kwa muda wananchi wake walikuwa miongoni mwa matajiri wa dunia kwa kichwa. Walianzisha mfuko wa akiba, maana hawakuwa wajinga. Mfuko ukajenga jengo refu Melbourne, ukawekeza hata kwenye mchezo wa kuigiza wenye nyimbo London mwaka 1993, mchezo ukaanguka. Fosfeti ikaelekea kuisha, mfuko ukaisha, na katikati ya kisiwa pakabaki nguzo za mawe zilizokwanguliwa, mahali ambapo hakioti kitu. Pato lao la miaka mizuri lilikuwa la kujivunia kwenye jedwali lolote. Lingesomwa na nambari ya kupungua pembeni, lingeonekana ni mtu anayeuza mabati ya nyumba yake huku amelala ndani.

Botswana walikuwa na almasi. Walianzisha Mfuko wa Pula mwaka 1994, na wakajiwekea kipimo cha bajeti chepesi kuliko vyote ninavyovijua: matumizi ya kawaida ya Serikali, ukitoa yale ya kujenga watu na vitu, yasizidi mapato yasiyotokana na madini. Gawanya hayo matumizi kwa hayo mapato; ukivuka moja, unakula mtaji. Waziri yeyote anakielewa bila mshauri kutoka nje. Hawakukifuata kila mwaka, na soko la almasi lilipodorora miaka hii ya karibuni hata wao wamebanwa. Lakini walikuwa na mstari wa kujua wameuvuka.

Baba yangu mdogo hakujua Hartwick wala Pula. Kilima kilipobakiza tripu mia nane alinunua kiwanja Gongo la Mboto akajenga vyumba vinne vya kupangisha, vyoo nje. Pesa ya kabla ya hapo ilikuwa imeshakwenda kwenye sofa, harusi mbili, na king'amuzi. Kilima sasa ni shimo lenye maji na vyura, hakuna anayelitaka hata kwa kufugia samaki. Vyumba vinne vinalipa ada ya mjukuu mpaka leo.

*

Bibi, mimi ni mwenyekiti wa kijiji kilicho jirani na mgodi, Kanda ya Ziwa. Sina kompyuta wala mtakwimu. Nikienda halmashauri niulize nambari gani? (Mwenyekiti)

Usiulize thamani ya kupungua. Watakupa semina.

Uliza mashapo yaliyothibitishwa, yaani mawe yenye madini yaliyokwisha kupimwa, yamebaki tani ngapi, na yalikuwa ngapi mwaka jana. Uliza mgodi umetoa wakia ngapi, na kwa mwendo huo imebaki miaka mingapi. Makampuni yaliyoandikishwa kwenye masoko ya hisa hutangaza nambari hizi kila mwaka kwa wenye hisa wao, kwa hiyo akikuambia ni siri ya biashara, muulize ni siri kwa nani.

Kisha uliza halmashauri imepokea ushuru wa huduma kiasi gani, ule unaotozwa kwenye mauzo, na mpango wa mgodi wa kuhudumia jamii umejenga nini. Andika kila kitu kwenye ukurasa mmoja: kushoto kilichotoka ardhini, kulia kilichosimama juu yake. Darasa liandike darasa, na kama lina bati lakini halina madawati liandike hivyo. Gari la mkurugenzi usiliandike kulia.

Daftari la shule linatosha, kurasa 96. Nikipata nakala ya ukurasa wako wa kwanza nitauchapa hapa bila jina la kijiji.